Chumba Changu Nimewapa Vifaranga

Nyumbani, sebuleni,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Pokea salamu za shangazi yako. Hujambo huko? Mkeo hajambo? Na kile kikohozi chako kimekwisha? Mimi mwili umenichoka, ila akili bado inapanda ngazi. Daktari amesema wazi kwamba siku zangu zimebaki chache. Nilimkataza mdogo wako asikuambie. Nakuambia mwenyewe, kisha tuendelee na kazi.

Nina la kuungama. Kile chumba ulichonijengea, chenye sakafu ya saruji na dirisha pana, ili niondokee pazuri, nimewapa vifaranga wa mdogo wako. Mimi nalala kwenye kochi la marehemu baba yako.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Uliagiza wakija wawekwe stoo, juu ya unga wa mbao, kwa kuwa seremala jirani anautoa bure. Niliuchota kiganjani, nikaukuta laini kama poda. Wangeudonoa wakidhani chakula, na vumbi lake lingewaharibu vifua. Nikamwomba seremala maranda, yale yanayojiviringisha chini ya randa, tena ya mbao isiyopakwa dawa.

Akacheka. "Mwalimu, siku hizi kuku nao wanachagua godoro?"

"Wanachagua," nikamjibu, "ila hawasemi. Wanakufa tu."

Tuliyatandaza stoo yakiwa makavu. Kesho yake nikayafinya, yakashikamana kama tonge. Matandiko mazuri hufumuka ukifungua kiganja. Tukayatoa, tukaweka pumba za mpunga, nazo zikalowa. Ndipo nikaelewa kwamba tulikuwa tukiyaonea matandiko bure: unyevu ulikuwa unapanda kutoka sakafuni. Pale hata hariri ingeoza. Nyumba nzima, sakafu kavu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chini ya kitanda changu.

Mdogo wako alikataa katakata. "Shangazi, watu watasema nimekutoa chumbani nikafuga kuku."

Nikamwambia, "Waambie nimejitoa. Anayebisha aje aniulize, ila afanye haraka."

Alicheka huku analia, akakiburuta kitanda. Kikagoma mlangoni, ndiyo maana nipo kochini.

Unajua aliacha kazi yake ya kushona ili aniuguze. Siku mtakayonizika, atarudi nyumbani hana kazi wala mgonjwa. Kuku hawa ndio mwanzo wake, na wakifa hana cha kuanzia tena. Kwa hiyo nimeshaamua. Usinipigie simu kunibembeleza nirudi chumbani.

Vifaranga wamefika, nao wametawanyika chumba kizima, miguu mikavu, hakuna anayejikunyata pembeni. Nawasikia kupitia ukutani, na hewa haiwashi macho. Kila asubuhi mdogo wako huyageuza maranda kwa reki, kisha huniletea konzi moja hapa kochini niipime.

Leo hakuniletea. Nikamwita, nikauliza konzi yangu iko wapi. Akaitika kutoka kwa vifaranga, wala hakutoka: "Nimeshafinya mwenyewe, Shangazi. Yamefumuka."

Sikumwita tena.

Nisalimie mkeo, na yule mwanao mwenye meno ya sungura. Seremala naye anakusalimu. Mungu awajalie pakavu popote mtakapolala.

Wako akupendaye, hata kutoka kochini,
Shangazi yako.