Sabra na Linux Iliyofutwa

Zulfa, uko wapi? Sabra kampasua kichwa kaka yake Ussi. Sabra huyu huyu wetu, asiyeweza hata kuangalia kuku akichinjwa!

Ussi karudi leo kutoka dago la wavuvi kisiwani Shungimbili, akataka kujaza filamu kwenye laptop ya nyumbani. Nafasi hakuna. Akaliona faili moja kubwa kupita yote, halifunguki, akalifuta kabisa.

Ndiyo Linux ya Sabra, Zulfa! Ile kompyuta nzima aliyoijenga ndani ya Windows, na kazi yake yote ya mtihani wa kesho ilikuwa humo.

Sabra katoka kwenye mwani, kafungua laptop, kaitafuta Linux yake, haipo. Kamuuliza taratibu, "Kaka, umefuta nini?" Mwenzake anacheka. "Kidude chako kile? Si kompyuta hiyo inawaka?"

Inawaka! Kasema hivyo hivyo, wallahi, inawaka!

Sabra kashika mchi wa kinu. Pigo la kwanza la mkono, mfupa ukalia nikausikia uani kwetu. La pili la kichwa. Damu mpaka ukutani. Tumemvuta watu watatu na bado anarusha mateke.

Mama yao analia, "Unamuua ndugu yako kwa mashine inayowaka?"

"Inayowaka ni yake, mama. Yangu kaizima."

Sasa tunasubiri gari la hospitali. Ussi anapumua na anatukana, alhamdulillahi. Sabra kakipakata kichwa cha kaka yake, mkono mmoja unakandamiza kanga kwenye jeraha, wa pili unapakua Linux upya.

Bando ni langu. Liende lote.