Kitabu Chako Nimekisoma, Dada Achol

Dada Achol,

Ejok. Nakusalimu kwa salamu ya kwetu Turkana kwa sababu uliipenda, ingawa mpaka mwisho uliitamka kama mtu anayefukuza kuku.

Nikupe habari kubwa kwanza. Kitabu chako kimetoka. Masista wa misheni hapa Lodwar wamekichapa. Ni chembamba, jalada lake lina rangi ya udongo, na jina lako liko mbele kwa herufi kubwa. Nilipokabidhiwa nakala yangu nilikaa chini palepale mlangoni mwa duka la misheni, wateja wakawa wanapita kwa kunikwepa. Sista akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia ndiyo, sista, ni kizunguzungu.

Wewe ungesema, "Akai, usililie jalada. Fungua usome."

Basi nimesoma. Nimesoma na nimetoa maoni yangu, na sijui kama huko uliko umeninunia au unacheka. Kwa hiyo nimeona nikueleze mwenyewe, usije ukaambiwa na watu.

Unakumbuka siku niliyofika Kakuma? Nilikuwa nimetumwa kutoka Lodwar kuja kukusaidia kwenye maktaba ya kambi ya wakimbizi. Nilidhani nitakuta maktaba. Nilikuta chumba kimoja cha matofali ya udongo, kimejaa vitabu ambavyo watu wa ng'ambo walikuwa wamechoka navyo. Kulikuwa na kitabu kizima cha kutengeneza mashine ya kukata nyasi. Nyasi! Wewe ulikuwa umekaa juu ya katoni, kalamu sikioni, unasoma. Hukuinua hata macho.

"Ngoja," ulisema. "Huyu dada hapa karibu anaolewa na mjinga."

Nikangoja nimesimama na mkoba wangu. Ulipomaliza sura ukafunga kitabu, ukanitazama kwa huzuni kabisa. "Ameolewa naye," ukasema. Ndipo ukanipa mkono.

Nilikupenda kuanzia hapo.

Maoni yako ulikuwa unayabandika ukutani, umeyaandika nyuma ya karatasi za ofisi zilizokwisha kutumika. Mafupi. "Mwanzo wake ni mtamu. Katikati mwandishi alichoka, na msomaji atachoka naye." Watu walikuja kusoma ukuta bila kuazima kitabu chochote. Wasudani, Wasomali, Wakongo, vijana wetu wa Kiturkana waliokuja mjini kuuza kuni. Wengine walikuja kubishana tu, na wewe ubishi ulikuwa chakula chako.

Na Mwalimu Ewoi je? Nikimkumbuka mpaka leo nacheka peke yangu. Mwalimu mkuu mstaafu, mtu mzima anayeheshimika Lodwar yote, amechapisha riwaya yake, amepanda lori mpaka Kakuma na mbuzi. Akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya mlango wetu, akakusalimia kwa adabu zote.

"Mwalimu," ukamwuliza, "huyu mbuzi ni mgeni au ana kazi?"

"Ni zawadi tu, mama. Kwa ajili ya maktaba."

"Asante. Basi nikwambie kwanza habari ya kitabu, halafu uniambie kama bado ni zawadi."

Ukamwambia. Ulimsifu yule mchungaji wa kwenye riwaya yake, ukasema unamwamini kila neno. Lakini mke wa mchungaji, ukasema, kitabu kizima anafungua mdomo mara moja tu, kusema chakula kiko tayari. "Mwalimu, wewe nyumbani kwako mke wako anasema hilo tu?" Mzee akaenda akamfungua mbuzi wake, akaondoka naye kuelekea barabara ya Lodwar, mbuzi anageuka kututazama. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu ukaacha kucheka ghafla, ukasema, "Alikuwa mbuzi mzuri, lakini."

Na bado mzee yule alirudi. Ilipita miezi mingi, akaja bila mbuzi, ana mswada wa kitabu cha pili kwapani. "Mke sasa anaongea," akasema. "Soma kabla sijaaibika." Hakuna aliyeweza kujizuia kutabasamu siku ile, hata yeye.

Kisha akaja Wafula. Wafula, kijana mpole aliyekuwa anatengeneza kompyuta za maofisi ya mashirika. Alisoma ukuta wetu wote amesimama, akasema yeye na rafiki zake Nairobi wamefungua ukurasa kwenye intaneti, ambako wasomaji wanatoa maoni juu ya vitabu, mtu akiwa popote duniani anaweza kuyasoma. Mimi sikuelewa vizuri. Nilidhani ni kama redio. Lakini alianza kuchukua maoni yako kwenye diski, akirudi anatuletea ukurasa umechapwa kwenye karatasi, na wewe unausoma kama mtu aliyepokea barua ya nyumbani.

Siku moja ukaniita. "Akai, soma hawa watu wanne." Walikuwa wasomaji wanne wa miji minne tofauti, wote wanasifu riwaya moja. Mimi sikuona kitu. Ukaniwekea kidole. Wote wanne walikuwa wameandika kwamba kitabu "kinasisimuwa", kwa herufi ileile isiyo mahali pake.

"Hawa wamenyonya ziwa moja," ukasema. "Huyu ni mwandishi mwenyewe, anajipigia makofi."

Ulimwandikia Wafula. Hakujibu. Alipokuja Kakuma tena hakuligusa hilo. Alikuwa na habari njema. Mchapishaji mmoja wa Nairobi yuko tayari kuletea maktaba makatoni ya vitabu vipya, vya shule na vya hadithi. Anachotaka ni maoni mazuri juu ya riwaya zake mpya, mengi, kwa majina mbalimbali.

"Si lazima yawe majina yenu," Wafula akasema. "Andika Mary, andika Hassan, andika msomaji wa Kisumu. Kule kwenye intaneti nani atajua?"

Ulikuwa unafuta vumbi kwenye rafu. Ukaweka kitambaa chini.

"Wafula, kaa." Akakaa. "Nyumba yetu ilichomwa. Ng'ombe walichukuliwa. Mume wangu sijui hata alizikwa na nani. Nilifika hapa na mtoto wa marehemu dada yangu mgongoni, na jina langu. Kila ofisi ya kambi hii wananiuliza jina, na mimi natoa lilelile. Sasa unataka niwe Mary?"

"Ni vitabu vya watoto, dada."

"Najua. Ndiyo maana unaniumiza."

Aliondoka bila kunywa chai. Makatoni hayakuja. Maoni yako nayo hayakuonekana tena kwenye ule ukurasa. Na Papa Mulumba, mwenyekiti wetu wa kamati, yule fundi cherehani kutoka Kongo asiyejua kukasirika, siku hiyo alikasirika. "Achol, batoto habana vitabu! Habana! Na wewe unachunga jina?" Ulikuwa hodari wa kumjibu kila mtu, lakini yeye hukumjibu.

Jioni tulitembea kwenye laga, ule mto mkavu wa mchanga, Nyibol, yule mtoto wa marehemu dada yako, anakimbia mbele yetu. Ukasema, "Mulumba amesema kweli. Na mimi nimesema kweli. Kweli mbili zikigombana, mtu ashike ipi?" Watoto wale walikosa vitabu, na jambo hilo halikuwa dogo.

Asubuhi ulikuja na karatasi. Ulikuwa umeandika hadithi ya mama yako, ile ya mwanamke aliyevuka mto na moto ndani ya chungu. "Kama vitabu haviji, tuvitengeneze," ukasema. Ukawa unaandika, mimi nanakili kwa mwandiko safi, na aliyeshona kurasa kwa cherehani yake alikuwa Papa Mulumba mwenyewe, ananung'unika kwamba karatasi inamvunjia sindano. Aliporudisha kitabu cha kwanza alisema, "Muzuri. Lakini moto ule ungezimika." Mkabishana mpaka jua likazama. Nikajua yamekwisha.

Halafu mvua.

Mama yangu aliugua, nikaja Lodwar kumuuguza. Mvua ikanyesha juu huko, malaga yakajaa, barabara ikakatika. Nilisikia una malaria. Nikasema, Achol? Malaria? Atabishana nayo. Nilikaa ng'ambo ya maji na madereva wa malori, tunatazama miti inapita na mkondo. Nilifika umeshazikwa. Papa Mulumba alinishika mkono akanipeleka, akanionyesha. Udongo ulikuwa bado una unyevu. Na wewe hukusema kitu, ndipo nikaamini.

Sasa turudi kwenye kitabu.

Zile hadithi mimi na Papa Mulumba tulizishona tukazifunga pamoja, nikazipeleka kwa masista. Wamechapa nakala chache kwanza. Sista akaniambia waziwazi kwamba kitabu kikipendwa, shule zikakitaka, watachapa tena, na sehemu ya mapato itamsaidia Nyibol masomoni. Kisha Wafula akanitumia salamu. Amesikia, amehuzunika, anaomba niandike maoni, atayaweka kwenye ule ukurasa. "Andika mazuri tu, Akai," akasema. "Marehemu hasemwi." Papa Mulumba naye: "Sifia. Leo usichambue chambue."

Hakuna aliyenihonga. Ingekuwa ni hongo ya mbuzi ningejua la kufanya. Walikuwa wananiomba kwa upendo, na mimi mwenyewe nilikuwa najiomba.

Nilisoma kitabu chako mara ya kwanza nikilia, na nikaona hakifai kupewa maoni na mtu anayelia. Nikangoja. Nikasoma tena kama tulivyokuwa tunasoma vya wageni, kalamu sikioni. Na Achol, hadithi ya chungu cha moto ni nzuri kuliko kitu chochote nilichosoma tangu nijue kusoma. Sisemi kwa sababu ni yako. Pale mwanamke anapofika ng'ambo, anafunua chungu na haogopi kutazama, nilishindwa kugeuza ukurasa.

Lakini ile ya fisi aliyetaka kuwa chifu, dada yangu, ni ndefu. Fisi anahutubia, anahutubia, anahutubia. Ungeiona ya mtu mwingine ungeibandika ukutani kwa mstari mmoja.

Nikaandika hivi: "Mwandishi alikuwa rafiki yangu, msomaji ajue hilo kwanza." Nikasifu chungu. Nikasema fisi anachosha. Nikaweka jina langu, Akai, na Lodwar. Nikajiona kama niliyekutukana mbele za watu. Nakala moja nikampa Wafula, nyingine nikaibandika kwenye mlango wa duka la misheni. Sista aliisoma, akanitazama, akaiacha. Wafula aliweka yote bila kupunguza neno, na anasema wale wanne wa ziwa moja ameshawafuta. Sina njia ya kuhakikisha. Nimechagua kumwamini.

Kwa wiki kadhaa hakuna aliyenunua. Nilikuwa napita dukani, naona vile vitabu vimepangwa vilevile, nashindwa kula. Nilimwazia Nyibol. Nilijiambia, umemchinjia mtoto shule yake kwa sababu ya fisi.

Kisha akaja mwalimu mmoja kutoka Kataboi, kule ziwani, ananuka samaki na vumbi la safari. Nilikuwepo dukani. Akamwambia sista, "Nataka kile kitabu chenye fisi anayechosha."

Sista akamwuliza, "Kwa nini hicho?"

"Nimesoma hapo mlangoni. Mtu anayesema ubaya wa kitabu cha rafiki yake, hata uzuri akisema nitamwamini."

Akachukua nakala kwa ajili ya darasa lake. Nikatoka nje haraka nisionekane uso.

Na subiri, bado. Mwezi uliofuata alirudi, anataka nakala zaidi. Nikajitambulisha, nikamwuliza watoto wamependa nini. Akacheka, akatikisa kichwa. "Dada, samahani sana. Wamependa fisi. Kila siku fisi. Wamegawana hotuba zake, kila mmoja anahutubia sehemu yake mpaka shule nzima inaanguka kwa kicheko. Chungu wanasema ni kizuri lakini kinasikitisha."

Haya. Najua unavyocheka sasa. Cheka. Una haki.

Habari nyingine ni ndogo. Maktaba ina bati jipya. Kuna mama wa Kisomali anayebandika maoni ukutani sasa, ni mkali kuliko wewe. Papa Mulumba bado anasisitiza kwamba moto ungezimika. Nyibol amekuwa mrefu, anasoma kitabu huku anatembea, ameshagonga mlango mara nyingi. Nikienda Kakuma analala na mimi, ananiuliza ulikuwa unachekaje. Namwonyesha. Anasema sivyo, wewe ulicheka kwa sauti zaidi. Masista wameanza kuchapa tena.

Juma lijalo nakwenda Kataboi kuwasikiliza wale watoto na hotuba zao. Nitakaa nyuma ya darasa kimya. Nikicheka, nitaandika kwamba nilikosea, na nitabandika mlangoni palepale. Nisipocheka, nitaandika pia kwamba sikucheka. Hilo nakuahidi, dada. Na Nyibol nakuahidi kwamba hatakosa mtu wa kumwambia ukweli, wala mtu wa kumpenda anapoambiwa.

Pumzika sasa. Ukiwa na ubishi, uhifadhi mpaka nije.

Wako daima,
Akai