Turubai la Kuanikia Ufuta

Tingi, Jumatano

Na sikutia saini. Wakitaka kuniondoa ukatibu wa kikundi, waniondoe.

Muuzaji alitandaza turubai juani ili wakulima walione. Nililigusa, likanata vidoleni. Nikamuuliza limelainishwa kwa kitu gani.

"Plastiki ni plastiki, mama."

Hilo si jibu. Viwandani huchanganya parafini zenye klorini kwenye plastiki ili ilainike na isishike moto upesi. Hazikai humo milele, na zikigusa mafuta huhamia huko. Sisi tunataka kuanikia ufuta. Nikadai karatasi ya kiwanda inayosema kilichomo. Hana.

Somoe, mke wa kaka yangu, akadakia: "Wifi, ufuta ukijaa mchanga tutaupepeta kwa vitabu vyako?"

Walicheka wote. Iliniuma, maana msimu uliopita mnunuzi aliukataa ufuta wake kwa sababu ya mchanga huohuo, na majamvi ninayoyapendekeza mimi badala ya turubai hayazuii mchanga. Tena huenda turubai lile halina hata tone la kitu hicho. Ninaogopa kwamba nawazuia bure.

Lakini mimi sijui, muuzaji hajui, na mwenyekiti anataka niandike na kutia saini kwamba tumekagua na kuridhika.

Sijaridhika. Nimeandika hivyo kwenye muhtasari, kwa wino.