Miwani ya Theluji Kutoka Mnada wa Mikumi

Kilosa

Mdogo wangu Vitalis,

Huku tu wazima, na mpunga wa Tindiga mwaka huu umekubali. Uliandika kwamba binti yako Brightness akifika huko Austria utampeleka kuteleza kwenye theluji, ila miwani yake nisihangaike kuitafuta, Tanzania haipatikani. Ipo! Mnadani Mikumi, kwenye mitumba, tulikuta tatu chini ya makoti. Muuzaji huwauzia bodaboda kwa ajili ya vumbi.

Brightness hakukurupuka. Kila moja aliivaa juu ya miwani yake ya macho, akamwambia bodaboda walifuate lori la mchanga kwa nyuma. Ya kwanza iliingiza vumbi. Ya pili ilijaa ukungu. Ya tatu alirudi nayo uso mwekundu kama tofali, lakini kuzunguka macho pasafi kabisa, anacheka. Mnada mzima ulimpigia makofi, nami nikapiga vigelegele!

Hiyo ndiyo anayokuja nayo. Ulimwacha anatambaa, leo ana miaka kumi na sita. Pale uwanja wa ndege wewe utamtambua tu, ataivaa kichwani. Wewe ndiye itabidi ujitambulishe.

Dada yako,
Costancia