Baba Mkubwa Niliyemwigiza Ananinyima Mke

Mpendwa mshauri Mama Melania, naomba msaada upesi, maana nimejifungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe na wenzangu badala ya kunifungulia wanacheka. Mimi ni mwigizaji wa hapa Gitega, mtaa wa Musinzira, na kikundi chetu kilikuwa kikipata ruzuku ya komini, halmashauri yetu ya hapa, si nyingi, lakini ilitosha kodi ya ukumbi na nauli ya kwenda kuigiza sokoni Makebuko, ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, mwisho tukaambiwa utamaduni usubiri, basi mkuu wetu Gervasi akasema kama hawatulipi jukwaani watatulipa sebuleni, tukaanza kukodiwa kwenye posa kama ndugu wa kijana, kwa vijana wasio na wazee au wenye wazee wanaoona haya kuongea.

Sijafika hata miaka thelathini, lakini nikipakwa unga wa muhogo kichwani na kufungwa mto tumboni nakuwa Baba Mkubwa Amissi, na mzee yule, mama, ana mdomo! Kule Gashoho nilimwombea kijana mmoja mke, upande wa binti wakakaza, nikasimama nikakohoa nikalia machozi ya kweli, wote wakalainika, na aliyelainika kuliko wote ni ami yake binti, Mzee Mahmudu, muuza vitenge wa Muyinga mjini, akachukua namba yangu na tangu siku hiyo anampigia Baba Mkubwa kumwomba ushauri wa kila kitu, nami najibu kwa kikohozi. Siku hiyohiyo binti wa Mzee Mahmudu mwenyewe, Nadia, aliona unga ukidondokea kwenye fanta yangu, akacheka peke yake, na hivyo ndivyo tulivyopendana.

Juzi nikaenda Muyinga na uso wangu mwenyewe kujitambulisha. Mzee akanitazama: "Kijana, mi sikujui. We iko na kazi gani?" Nikasema mwigizaji. Akatoka nje, na mara simu ikatetemeka mfukoni mwangu! Nikakimbilia chooni nikapokea. "Mzee Amissi, iko kijana hapa anaitwa Faridi, anataka Nadia. Unamujua?" Ningeweza kujisifu, mama, lakini Baba Mkubwa Amissi hamsifu mtu bila kumkosoa kwanza, nikajikuta nasema: "Namjua. Mvivu kidogo, na anapenda mno kusikia sauti yake, lakini ana moyo." Nikarudi sebuleni nikitokwa jasho. Mzee akanipiga begani: "Una bahati, we. Mzee Amissi akuje yeye mwenyewe kukuombea, nakupa binti. Asipokuja, rudia kwenu."

Sasa posa ni Jumamosi ijayo, na siwezi kuwa bwana harusi na baba mkubwa kwenye viti viwili, Nadia anasema nimwambie baba yake ukweli, Gervasi ananisihi nisithubutu, maana habari ikienea hakuna atakayetukodi tena, na bila posa hatuna ukumbi wala kikundi. Nimpoteze Nadia au niwapoteze wenzangu?

Faridi, Musinzira

*

Faridi, nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Sasa kaa chini nikugombeze.

Nianze na waliowakatia ruzuku, kwa sababu hao hawaniandikii kamwe. Wanasema maigizo si mahitaji. Si mahitaji? Familia nzima inamkodi baba mkubwa, inamvika koti, inamlisha, ili tu mtu aseme vizuri mbele ya watu! Hawakuyaondoa maigizo, waheshimiwa hao. Wameyafukuza ukumbini yakaingia sebuleni, ambako mtazamaji hajui kwamba anatazama. Na hapo ndipo wewe unapokosea, usinikwepe. Sokoni Makebuko watu wanakusikiliza wakijua unaigiza, wanakubali wenyewe. Mzee Mahmudu hakuulizwa. Bajeti ilikutoa jukwaani, sawa, lakini si bajeti iliyompokelea mkweo simu chooni.

Gervasi naye aache woga. Nani hapa nchini hajui kwamba familia humtafuta mwenye ulimi akaseme kwa niaba yao, hata akiwa jirani tu? Kazi hiyo ni halali na ina wateja. Kinachowaponza ni unga na ukoo wa bandia. Semeni kwa majina yenu, na nywele zenu nyeusi, na mtaona kama mtakosa kazi. Kisha wakusanyeni wote mliowaozesha, waume kwa wake, mwende nao komini siku ya kikao, kila mmoja aeleze ndoa yake iliombwa na nani. Nataka kumwona huyo atakayewaambia tena kwamba sanaa isubiri.

Ama Nadia, hapa sicheki. Usingoje Jumamosi. Nenda Muyinga Alhamisi, mchana, dukani kwake, peke yako. Usilie, machozi yako yamekwisha kutumika katika nyumba ile. Mwambie kwa maneno machache wewe ni nani na umefanya nini. Atafoka, na ana haki. Wewe unafikiri unakwenda kukiri kosa, kumbe unapeleka msiba: mtu huyu alipata rafiki uzeeni, akamweleza ya moyoni, na wewe unakwenda kumwambia rafiki huyo hayupo na hajawahi kuwapo. Kwa hiyo siku hiyo usiombe mke. Omba radhi, nyamaza, na umwache amlilie mtu wake.