Mahali pa Kumlaza Owino

Jumatatu, 3 Februari

Nimeanza! Siku ya kwanza ya utafiti na viatu vyangu vyeupe vimekwisha. Mugutha ni vumbi tu, na malori ya mawe hayaliachi litulie.

Ninachotaka kujua ni kitu kimoja. Watu wamehamia huku kutoka kila upande wa Kenya — wamenunua ploti, wamejenga, wamepanga. Je, wanajiona wa hapa? Daktari Gichuru, msimamizi wangu pale chuoni Juja, amenipa maswali yake ya kawaida. Una marafiki mtaani? Uko kwenye kikundi? Majirani unawaamini kiasi gani, moja hadi tano?

Wa kwanza alikuwa Magdalene, mwenye kioski ya mboga karibu na steji. Kila kitu kwake ni tano. Majirani? Tano! Watu wazuri sana. Nikamuuliza jirani wa mlango wa pili anaitwa nani. Akasimama na sukuma wiki mkononi, akafikiria. "Huyo ni yule wa Probox ya bluu."

Sasa hiyo ni tano ama ni moja?

Jumatano, 5 Februari

Leo nimekutana na Farhiya. Anauza mapazia Thika mjini, lakini nyumba yao iko Mugutha, ile ya geti ya kijani. Alizaliwa Garissa, akaolewa Thika. Anaongea haraka na anacheka kabla hujamaliza kuuliza.

Nikamuuliza, nyumbani ni wapi? Swali la kuanzia tu, la kumfanya mtu akae vizuri.

"Nyumbani ya leo," akasema, "ama ya siku ya kuzikwa?"

Kalamu ikasimama. Nikamwambia aendelee. Akaeleza kwamba kwao mtu anazikwa pale alipofia, na siku hiyo hiyo ikiwezekana. Hakuna kubebana. Mama mkwe wake amelala kwa makaburi ya Waislamu Thika na yeye pia atalala hapo. "Kwa hivyo mimi ni wa Thika. Hata kama Thika yenyewe haijaambiwa."

Nimeliandika hilo swali pembeni: Ungependa kuzikwa wapi? Nitajaribu kuwauliza wengine. Daktari hajui bado.

Alhamisi, 6 Februari

Nimejaribu nyumbani kwanza. Kosa! Tulikuwa mezani, hapa Ruiru, baba akila githeri yake. Nikamuuliza.

Akaweka kijiko chini. "Rachael, unaharakisha nini?"

Mama akasema hiyo masters inanipeleka pabaya. Baba akarudi kwa chakula. Lakini baadaye nilimsikia sebuleni akimwambia mama polepole, shamba la Gatundu tuliuza, si ni kweli. Na kule walikuwa wamelala wazazi wake. Wakaongeza sauti ya TV.

Sikuwahi kujua kwamba baba, Ngigi wa watu, anayejua kila kona ya Ruiru, hana jibu.

Jumatano, 12 Februari

Siku nzuri kuliko zote. Mzee Owino!

Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo Thika hadi alipostaafu. Ni Mjaluo wa Ugenya, mrefu, kofia ya sufu hata kwa hili joto. Mke wake ni Mukonyo, Mkamba wa Machakos. Walikutana pale pale kiwandani. Mtoto wao Eddie alizaliwa Thika, akasomea Thika, na Kijaluo chake, baba yake anasema, ni cha kuomba maji tu.

Nilitoa simu ili nirekodi. Akakataa. "Weka hiyo kitu mfukoni, msichana wangu. Tuongee kama watu."

Nikauliza swali langu. Mukonyo aliyekuwa akichambua maharagwe akainua macho. Mzee hakushtuka hata kidogo. Hapa, akasema. Hapa hapa Mugutha. Amenunua hii ardhi kwa jasho, ameshika kila tofali ya hii nyumba. Kule Ugenya wana boma kubwa, ndugu zake wanamngoja, na mila inataka alale kule. Anajua. Lakini kule anaenda kama mgeni, wanamchinjia kuku, na watoto wanaambiwa huyu ni babu yenu wa Thika.

"Kwa hivyo jibu ni hapa?" nikauliza.

Akaangalia upande wa barabara.

"Mimi nataka hapa. Kile sijui ni kama hapa wananitaka."

Mukonyo akamwambia aache maneno ya kijinga, akaniongezea chai. Nimerudi nikiandika kichwani njia nzima nisisahau hata neno.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemwambia Daktari Gichuru. Kwanza akakasirika — hilo swali nimeongeza kwa ruhusa ya nani? Watu wanaumia na mambo ya kifo. Nikamsomea jibu la Farhiya na la Owino. (Bila majina.) Akavua miwani. Akasema niandike barua kwa kamati ya maadili, nisiulize mtu mwingine hadi ijibu. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Wazee wangapi wamekwambia hawajui?"

Wengi, nikasema.

"Hm," akasema, na hakuvaa miwani.

Jumanne, 25 Februari

Ndung'u, mwenyekiti wa esteti. Mikono safi, kikoti, gari halina vumbi — sijui anafanyaje. Yeye ni wa Nyahururu, alihamia akiwa na mke na watoto wachanga. Ukuta wake umepakana na wa Mzee Owino.

Sikumuuliza lile swali, nangoja kamati. Alilileta mwenyewe! Alisema esteti ina sheria zake: hakuna nguruwe, hakuna baa, hakuna kaburi. Kuna mzee mmoja hapa anaongea mambo ya kuzikwa kwa ploti, yeye anafikiri ni utani. Nani atanunua nyumba karibu na msalaba?

Nikamuuliza kama wanatembeleana na huyo mzee. "Tunasalimiana," akasema. "Ukutani." Kisha akaongeza, kama mtu amekumbuka kitu, kwamba huyo mzee ndiye aliyemtengenezea pampu ya maji mara mbili na akakataa hata soda.

Wa Nyahururu, lakini anasema "sisi wenyeji". Hiyo nimeipigia mstari.

Jumatatu, 3 Machi

Mzee Owino ameaga.

Farhiya ndiye amenipigia. Jana, baada ya kanisa, alikaa kwa kiti nje akiomba maji. Mukonyo alipoleta kikombe alikuwa ameshaenda.

Siwezi kuandika leo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeenda kumpa pole Mukonyo. Nyumba imejaa. Ndugu mkubwa wa Owino, Mzee Oloo, amefika kutoka Ugenya na wazee wengine. Wamekaa upande mmoja wa sebule, na watu wa kina Mukonyo upande mwingine. Katikati kuna meza ya glasi na picha ya marehemu akiwa na nguo za kiwanda.

Mzee Oloo alimwongelesha Eddie kwa Kijaluo. Eddie akajibu kwa Kiswahili, akiwa ameinamisha kichwa. Oloo akaacha. Wote wawili walionekana wameumia.

Mukonyo akanivuta jikoni. Anasema wakwe zake hawamwamini. Wanadhani ni yeye, Mkamba, anayetaka kumzuia mume hapa ili ploti isije ikaguswa na wao. Na majirani nao hawataki kaburi. Jumamosi kuna kikao cha wote.

"Wewe si wa upande wowote," akasema. "Wewe ulimuuliza, mimi nikiwa hapo. Njoo useme."

Nikamwambia mambo ya utafiti ni siri, nimeapa. Akanishika mkono wote, si vidole.

"Siri ya nani? Mwenyewe yuko mochari."

Alhamisi, 6 Machi

Kwa Daktari. Hajafurahi. Anasema mtafiti anaangalia tu, haongei. Ukisema leo, kesho hakuna mtu Mugutha atakufungulia mlango; watasema unabeba maneno. Lakini pia anasema mjane alikuwepo, alisikia, na ameomba mwenyewe. Ameshika kichwa muda mrefu.

Nikauliza, kwa hivyo?

"Ukienda, enda kama mtu wa matanga. Na ukisema, sema yote. Usichague."

Yote. Na ile sehemu ya mwisho ya jibu la Mzee — nitaisemaje mbele ya majirani?

Jumamosi, 8 Machi

Niko jikoni kwa Mukonyo, nimekalia ndoo. Naandika haraka kabla niitwe tena.

Wamefunga hema nje. Watu wa Ugenya kulia, majirani kushoto, kama harusi ya watu wasiotaka kuoana. Magdalene amekuja na sufuria mbili. Farhiya amefunga Ramadhani, hajagusa hata maji, lakini ndiye anayewamiminia watu chai.

Mzee Oloo alianza. Nilitarajia kelele. Hakuna! Aliongea polepole kabisa. Amekuja kuchukua mtoto wa mama yake, akasema. Nyumbani wameshaanza kulia, na hawawezi kulia bila mtu.

Kisha Ndung'u. Pole nyingi, heshima nyingi, halafu sheria za esteti. Na mambo ya ruhusa ya kaunti pia yapo. Akasema majirani wako tayari kusaidia na basi la kwenda Ugenya, wote watachanga. Vichwa vikatikisika pande zote. Ai! Wale waliokuja kugombana walikuwa wamekubaliana.

Mukonyo akacheka. Kicheko kibaya, sitakisahau.

"Mnachanga," akasema, "aondoke."

Akanigeukia mimi, mbele ya hema lote. "Rachael. Sema."

Nikasimama. Nikajitambulisha, nikasema nilimuuliza Mzee na yeye akajibu, na Mama Eddie alikuwepo. Nikasema alitaka hapa. Ardhi ya jasho lake. Kuku wa mgeni — hata hiyo nilisema. Mzee Oloo akaangalia viatu vyake.

Ningeweza kukaa hapo. Nilitaka kukaa.

"Kuna kingine," nikasema. "Alisema yeye anataka hapa, lakini hajui kama hapa wanamtaka."

Lori la mawe lilipita. Magdalene alifunika sufuria iliyokuwa imefunikwa. Ndung'u alikuwa ananiangalia, si kwa hasira — kama mtu ameitwa jina lake ndani ya umati.

"Alisema hivyo?" Mzee Oloo akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

Akashukuru. Kisha hakuongea na mimi tena, aliongea na wale wa kushoto. Akasema yeye anaweza kurudi nyumbani na kueleza wazee kwamba ndugu yake alichagua. Watamlaumu, hilo ni lake. Lakini kaburi linataka watu. Nani atafyeka nyasi? Nani atamwambia mtoto aache kukanyaga hapo?

"Kama yuko mtu wa hapa wa kusema huyu ni wetu, aseme nisikie. Kama hayuko, nyar Machakos, binti wa Machakos, utanisamehe shemeji yangu, kesho naondoka naye."

Tukangoja. Niliona watu wakichunguza vikombe vyao. Nikataka kusema mimi, lakini mimi ni wa Ruiru, mimi ni nani?

"Ni wetu," Farhiya akasema, na birika bado mkononi. "Mimi kwangu tungekuwa tumemzika Jumapili. Nyinyi mnaongea sana."

Watu wakacheka kidogo, kwa kushtuka. Hata Oloo. Magdalene akasema naye, kwa sauti ya chini, ni wetu. Mtu wa Probox ya bluu — anaitwa Gerishon, kumbe! — akainua mkono nusu, akaurudisha.

Ndung'u alisimama tu, akapita kando ya hema, akaenda nyuma ya nyumba. Mzee Oloo akamtazama, akachukua fimbo, akamfuata. Eddie akawafuata wote wawili. Hema limebaki likinong'ona. Mimi nikakimbilia huku.

Kwa dirisha nawaona. Eddie anaonyesha upande wa mparachichi. Ndung'u anakataa, hapo bomba la choo linapita. Anatembea hadi kwenye ukuta wake mwenyewe, anapiga ardhi na kisigino. Nasikia anasema hapa maji hayasimami hata mvua ikianza. Mzee Oloo anauliza kitu, sijasikia. Ndung'u anavua kikoti, anakitundika juu ya ukuta.

Hajasema ndiyo. Hakuna mtu amesema ndiyo.

Mukonyo yuko hapa kwa sinki, anaosha kikombe kimoja tangu niingie. Hataki kugeuka. "Wanafanya nini?" ananiuliza.

Sijui nimwambie nini. Ndung'u anapiga kelele mtu amletee jembe — anasema anataka kuona tu, kuona tu, kama chini ni mwamba.