Ndizi za Daphrose Nilizoziita Zangu

Mpendwa mshauri, Shangazi Elvire,

Naomba msaada wako, na naandika kwa aibu ingawa nyumbani ni furaha tupu, maana binti yangu Lubna anaolewa baada ya wiki mbili hapa mtaani Buyenzi, na tangu vita vianze hatujapiga ngoma uani kwetu. Mwaka 1995 watu walipokimbia risasi mtaani Kamenge nilimpokea Daphrose, muuza matunda tuliyefahamiana sokoni, akakaa kwangu na watoto wake miezi minne, na kwa kuwa hajui kukaa bure akaunda kabati la mbao, akalizungushia chandarua kikuukuu, akaliweka kivulini penye upepo na kukausha humo ndizi ndogo, zile kamaramasenge, zikatoka na rangi ya asali, laini, zinanukia, lakini zangu nilizoanika juu ya bati kama alivyofanya mama yangu zikatoka nyeusi na ngumu kama soli. Alirudi kwake, akaniachia kabati, na kila mwezi aliniletea ndizi. Siku ya posa sukari haikupatikana kwa sababu ya hivi vikwazo vya biashara nchi yetu ilivyowekewa, nikaweka ndizi zake sahanini, na Fadhila, bamwana wangu, mama wa kijana anayemuoa Lubna, akauliza nani kazikausha, nami nikasema ni mimi, na Daphrose, aliyekuja kunisaidia siku hiyo, alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Tangu siku ile hajaja tena. Sasa Fadhila anataka ndizi hizo kwa harusi nzima, na Jumapili anakuja kujifunza. Nimejaribu kabati mara mbili, ndizi zimeota ukungu. Nimwambie nini Fadhila?

Kudra, Buyenzi, Julai 1998

*

Kudra dada yangu,

Kwanza hongera kwa harusi ya Lubna. Pili, ulikosea, na unajua. Mwanamke uliyemfungulia mlango wakati wa risasi umemfungia wakati wa sifa.

Bati linaunguza. Ngozi ya ndizi inakauka upesi na kufunga maji ndani, jua kali linaharibu rangi na harufu, vumbi na nzi wanamalizia. Kivuli chenye upepo kinakausha polepole, kwa hiyo utamu unabaki. Ukungu wako umetoka wapi? Nadhani umekata vipande vinene ukavifungia chupani mapema. Chagua ndizi zilizoiva lakini bado ngumu kidogo, kata vipande vyembamba vilivyo sawa, vipake maji ya ndimu visiwe vyeusi, visigusane, uvigeuze asubuhi na jioni. Kipande kikikunjika bila kunata, kipasue: pakiwa na unyevu, rudisha kabatini. Vikiwa tayari viweke chupani siku chache, na ukiona jasho kwenye kioo, rudisha tena.

Ila mkono wa Daphrose unajua mengi kuliko barua yangu. Nenda Kamenge kabla ya Jumapili, wewe mwenyewe, usitume mtu. Usianze na ndizi, anza na samahani. Halafu mwambie Fadhila ukweli mbele ya Daphrose. Bamwana atakayevunja ndoa kwa ajili ya hilo, heri umjue mapema.

Elvire

*

Shangazi,

Nilikwenda Ijumaa. Daphrose alikuwa anamenya ndizi, akanisogezea kigoda. Niliomba msamaha, sikumaliza, nikalia. Akasema, “Mi sikukasirikia ndizi. Nilikuwa nangoja weye.” Tukamenya pamoja mpaka adhuhuri.

Jumapili nilimwambia Fadhila kila kitu, Daphrose akiwa pale. Nikaona harusi inaondoka. Kisha Fadhila akacheka mpaka akaketi chini, akasema hata ile pilau aliyoileta siku ya posa, nikamsifu kwayo, ilipikwa na dada yake. Akavua bangili, akanawa, akamuomba Daphrose kisu.

Tulijaza makabati matatu, langu na mawili ya Daphrose. Siku ya harusi sahani za ndizi zilikwisha kabla wali haujapakuliwa, na Lubna alipotoka chumbani, Daphrose ndiye aliyemshika mkono, na ngoma ikaanza.